Silabi na mkazo katika nomino ambatani za Kinorwei: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya msomaji wa Kiswahili anayejifunza Kinorwei cha bokmål (mojawapo ya namna mbili rasmi za kuandika Kinorwei) kwa matamshi ya Oslo na mashariki ya nchi, ambayo wageni wengi hufundishwa darasani. Silabi yenye mkazo mkuu (shadda) tumeiandika kwa herufi kubwa: SKO-le. Mstari wa wima unaonyesha mshono, yaani mahali sehemu mbili za neno zilipoungana: SKO-le|bok.

Nomino ambatani ya Kinorwei ni ipi hasa?

Ni nomino iliyoundwa kwa maneno mawili au zaidi na kuandikwa bila nafasi katikati. Skole (shule) na bok (kitabu) huzaa skolebok, kitabu cha shule. Sehemu ya mwisho ndiyo yenye neno kuu. Hiyo ndiyo inayoamua jinsia na wingi: kwa kuwa ni et hus (nyumba), husemwa pia et sykehus (hospitali), kwa kuwa wingi wa bok ni bøker, wingi wa skolebok ni skolebøker. Kiswahili hutanguliza neno kuu, "kitabu cha shule", kwa hiyo ukikutana na neno refu la Kinorwei anza kulielewa kutoka mwisho. Vaskemaskin ni maskin, mashine, ya nini? Ya kufua.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hutatizika: maana imeegemea kulia, lakini mkazo uko kushoto.

Mkazo mkuu unakaa wapi?

Unakaa kwenye silabi ile ile iliyokuwa na mkazo sehemu ya kwanza iliposimama peke yake. Madarasani mara nyingi husemwa "weka mkazo kwenye silabi ya kwanza". Kanuni hiyo fupi inafaa kwa maneno ya asili ya Kinorwei, kama SKO-le|bok, BAR-ne|ha-ge (chekechea) na TANN|le-ge (daktari wa meno), lakini inaharibika mara tu sehemu ya kwanza inapokuwa neno la mkopo. Musikk hutamkwa mu-SIKK, kwa hiyo mwalimu wa muziki ni mu-SIKK|læ-rer. Vivyo hivyo to-MAT|sup-pe (supu ya nyanya), kon-TOR|stol (kiti cha ofisi), po-li-TI|bil (gari la polisi), sjo-ko-LA-de|ka-ke (keki ya chokoleti). Katika universitetsbibliotek, maktaba ya chuo kikuu, silabi nne nzima hupita kabla ya kufika kwenye mkazo: u-ni-ver-si-TETS, kisha bibliotek.

Viambishi awali be- na for- kwa kawaida havibebi mkazo, basi kadi ya malipo ni be-TA-lings|kort na kampuni ya bima ni for-SIK-rings|sel-skap. Kiambishi cha kukanusha u- chenyewe huubeba: U-vær (hali mbaya ya hewa), U-lyk-ke (ajali).

Utasikia watu wa mashariki wakisema BA-nan na PO-li-ti, wakiuvuta mkazo hadi mwanzo hata kwenye maneno ya mkopo. Ni lahaja halali. Izoee masikioni, ila huna haja ya kuiiga.

Kwa nini mzungumzaji wa Kiswahili hukosea hapa kuliko mahali pengine?

Kwa sababu shadda ya Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hata neno liwe limeungwa. Mwanafunzi lina "mwana" ndani yake, lakini mkazo uko kwenye "fu". Ukiongeza kiambishi tamati mkazo unahama: NYU-mba, nyu-MBA-ni. Ulimi uliozoea hivyo huisoma barnehage kama bar-ne-HA-ge, na sykehuset kama sy-ke-HU-set.

Katika Kinorwei kiambishi tamati hakisogezi mkazo wa nomino hizi hata kidogo:

SY-ke|hus (hospitali)
SY-ke|hu-set (hospitali ile inayojulikana)
SY-ke|hu-se-ne (hospitali zile)

Silabi zinaongezeka kulia, mkazo umebaki palepale. Mnorwei anayesikia sy-ke-HU-set husikia kwanza hus, nyumba, kisha hulazimika kurudi nyuma kuunganisha. Neno moja linaweza kupita, lakini sentensi yenye matatu ya namna hiyo humchosha msikilizaji hata kama sarufi yote ni sahihi.

Kosa la pili ni irabu za kujazia. Kiswahili hupenda silabi iishe kwa irabu, Kinorwei hakijali. Landsby (kijiji) ina silabi mbili tu, LANDS|by. Ukisema "landisibi" umefika nne, na msikilizaji hawezi tena kuutambua mshono. Hesabu irabu zinazosikika kabla hujatamka: tannlege tatu, skolebok tatu, sykehuset nne.

Je, sehemu ya pili haina mkazo kabisa?

Inao, ila mdogo. Jambo la muhimu ni kwamba inabaki na urefu wake. Silabi yenye mkazo katika Kinorwei ama ina irabu ndefu na konsonanti fupi, ama irabu fupi na konsonanti ndefu: tak (paa) ina a ndefu, takk (asante) ina a fupi na k inayoshikiliwa. Neno hustak, paa la nyumba, lina u ndefu na a ndefu pia. Wanaojifunza husukuma nguvu zote kwenye HUS halafu wanaimeza tak mpaka inasikika kama takk. Punguza sauti kwenye sehemu ya pili, usipunguze muda wake.

Toni je? Nianze nayo?

Hapana, anza na mkazo. Lakini ijue. Sehemu kubwa ya Norwei hutofautisha toni mbili: bønder (wakulima) ina toni ya 1 na bønner (maharage) ina toni ya 2, na huko Oslo vinginevyo maneno hayo hutamkwa sawasawa. Toni ya 1 huanza chini kwenye silabi yenye mkazo kisha ikapanda. Toni ya 2 huanza juu, ikashuka, ndipo ikapanda mwishoni.

Kwa nomino ambatani: sehemu ya kwanza yenye toni ya 2, kama skole au hage, huipitishia neno zima toni hiyo. Sehemu ya kwanza yenye silabi moja haina kanuni moja ya kutegemea. Inategemea neno na lahaja, na njia ya uhakika ni kusikiliza. Sehemu za Finnmark na maeneo fulani ya kaskazini mwa Bergen hayatofautishi toni hizo kabisa, na wenyeji wake wanaelewana na nchi nzima bila shida. Mkazo ukikosewa, kuelewana kunakatika haraka zaidi.

Nitajuaje mshono uko wapi katika neno refu ambalo sijawahi kuliona?

Anzia kulia. Tafuta neno unalolijua mwishoni, likate, kisha tazama kilichobaki. Kila upande lazima uwe neno halisi, au neno pamoja na herufi unganishi (s au e ya katikati). Togulykke ni tog|ulykke (ajali ya treni). Ukiikata to|gulykke, upande wa kulia si neno. Havørn (tai wa baharini) ni hav|ørn, si ha|vørn. Bilderamme ni bilde|ramme (fremu ya picha). Wengi huona bil, gari, wakabaki na "deramme" isiyo na maana.

Kosa hili hutokana na kusoma kwa mazoea ya kugawa silabi: konsonanti inaungana na irabu inayofuata. Ndani ya neno moja hilo ni sawa, lakini kwenye mshono wa Kinorwei konsonanti hubaki upande wake. Iskrem ni is|krem, na s haivuki.

Neno lenye sehemu tatu au zaidi lina mishono yenye uzito tofauti. Barnehagelærer ni barnehage na lærer kwanza. Barne na hage ni mshono wa ndani. Mkazo mkuu ni mmoja tu, BAR, na ha na læ hupata mikazo midogo.

Herufi s na e za katikati zinatoka wapi?

Ni herufi unganishi, na daima huhesabiwa upande wa kushoto: arbeids|plass (mahali pa kazi), barne|hage, jule|gave (zawadi ya Krismasi). Zinakusaidia kuliko zinavyokusumbua, kwa sababu zinafichua mshono. Baada ya viambishi tamati -het, -dom, -skap, -sjon na -tet tegemea s: frihetskamp (harakati za uhuru), stasjonsmester (mkuu wa stesheni), universitetsområde (eneo la chuo kikuu).

S hutokea pia pale ambapo sehemu ya kwanza yenyewe ni ambatani. Glasi ya mvinyo ni vinglass, bila s, lakini ya mvinyo mwekundu ni rødvinsglass. Hiyo s inasema: kila kilicho kushoto kwangu ni kifurushi kimoja. Bila hiyo msomaji angeweza kufikiria vinglass jekundu. Si sheria isiyo na ubaguzi. Ukiwa na shaka fungua kamusi.

Nikifika mwisho wa mstari, nikate wapi?

Kwanza kwenye mshono: skole-bok, arbeids-plass, syke-hus. Neno likiwa na mishono kadhaa, chagua mkubwa: barnehage-lærer husomeka vizuri kuliko barne-hagelærer.

Kama hakuna mshono karibu, fuata kanuni ya konsonanti moja: konsonanti moja tu huenda mstari unaofuata. Hu-set, kas-te, jen-te, ven-ner. Herufi kama sj, skj na kj zinapowakilisha sauti moja, zisitenganishwe. Usiache herufi moja peke yake mwishoni mwa mstari, hata kama ni silabi kamili.

Kanuni hii ya maandishi isikudanganye kwenye matamshi. Kipande hu-set kimekatwa kwa ajili ya mstari, hakikuambii mkazo uko wapi.

Ukiandika kwa kompyuta, weka lugha ya waraka kuwa Kinorwei. Programu ikidhani ni Kiingereza, itakata maneno kwa kanuni za Kiingereza na kuvunja ovyo. Kwenye kurasa za wavuti msimbo wa bokmål ni nb, wa nynorsk, namna ya pili rasmi ya kuandika Kinorwei, ni nn.

Kwa nini fotballag ina l mbili wakati fotball na lag zinaleta tatu?

Kinorwei hakiandiki konsonanti tatu zinazofanana mfululizo, hivyo moja huanguka. Fotball + lag = fotballag (timu ya mpira). Natt + tog = nattog (treni ya usiku). Buss + stopp = busstopp (kituo cha basi). Neno likikatwa mwisho wa mstari, herufi iliyoanguka inarudi: fotball-lag, natt-tog, buss-stopp.

Glasskål ni mtego mzuri: ni glass + skål, bakuli la kioo, lakini jicho linaweza kuona glass + kål, kabichi ya kioo. Msomaji anayejua kuwa s moja imeanguka hatababaika.

Kanuni hiyo ni ya herufi tatu tu. Telefon + nummer huleta n mbili, na zote hubaki: telefonnummer. Skrivebordsskuff (droo ya meza ya kuandikia) ina s unganishi na s ya skuff, zote zinaandikwa. Wengi huangusha moja kwa kuogopa kosa ambalo halipo.

Nikiacha nafasi kati ya sehemu mbili, kuna ubaya gani?

Unabadilisha maana, na kwa mwenye kusoma kwa sauti unabadilisha mkazo. Ambatani ina mkazo mkuu mmoja. Maneno mawili yana miwili.

DYR|le-ge ni daktari wa mifugo. DYR LE-ge ni daktari wa bei ghali.

ENG-elsk|læ-rer ni mwalimu wa somo la Kiingereza, na anaweza kuwa mzaliwa wa Dodoma. ENG-elsk LÆ-rer ni mwalimu raia wa Uingereza.

Lammelår ni paja la mwanakondoo. Lamme lår ni mapaja yaliyopooza. Kyllinglever ni maini ya kuku. Kylling lever inasema kuku yu hai. Røykfritt ni mahali pasipovutwa sigara. Bango lililoandikwa røyk fritt linawaalika watu wavute wapendavyo.

Wanorwei wenyewe hukosea hivi sana na kutaniana kwa mabango ya dukani. Chanzo kimojawapo ni kikagua tahajia: ambatani mpya iliyoundwa kihalali haimo kwenye orodha yake, inapigwa mstari mwekundu, mwandishi anaweka nafasi, mstari unatoweka. Amini masikio yako: kama unalitamka kwa mkazo mmoja, liandike pamoja.

Ni maneno gani hayafuati kanuni ya mkazo?

Machache, na mengi ni ya kalenda au majina ya mahali. Ijumaa Kuu ni lang-FRE-dag na Alhamisi Kuu ni skjær-TORS-dag, mkazo ukiwa sehemu ya pili. Karne, århundre, kwa kawaida hutamkwa år-HUN-dre. Miji ya Kristiansand na Kristiansund hubeba mkazo mwishoni, kwenye SAND na SUND, na d haitamkwi. Yakariri kama yalivyo.

Kuna pia ambatani ambazo mshono wake umefifia masikioni. Taulo, håndkle, ina hånd (mkono) ndani yake, lakini hutamkwa takriban HONG-kle.

Kwa nini kontorstol inasikika kama yenye "sh"?

Mashariki na kaskazini, r ikikutana na s huyeyuka kuwa sauti iliyo karibu na sh ya Kiswahili, na hilo hupita hata juu ya mshono: kontorstol, sommersol (jua la kiangazi). R mbele ya t, d, n au l nayo huungana nazo kuwa sauti moja inayotamkwa ulimi ukiwa umerudi nyuma kidogo. Bergen, Stavanger na Kristiansand hutumia r ya kooni, na huko muungano huo haupo.

Vifupisho, tarehe na maneno yenye kistari?

Kifupisho huungwa kwa kistari: TV-program, EU-land. Herufi ya mwisho ya kifupisho ndiyo hubeba mkazo; NRK, shirika la utangazaji, husomwa enn-ærr-KÅ. Ikiwa sehemu ya kwanza ni kundi la maneno, nafasi yake ya ndani hubaki na kistari huja mwisho: 17. mai-tog, maandamano ya sikukuu ya taifa.

Maneno mawili yakishiriki sehemu ya mwisho, la kwanza huachiwa kistari pamoja na herufi yake unganishi: arbeids- og velferdsetaten, idara ya ajira na ustawi inayojulikana kama Nav. Kuandika "arbeid og velferdsetaten" ni kosa, kwani hapo arbeid inabaki imeelea peke yake.

Ni kweli kuna neno la herufi 60?

Ndiyo, ingawa hulikuti ila kwenye mazungumzo ya maneno marefu: minoritetsladningsbærerdiffusjonskoeffisientmålingsapparatur. Tumia njia ile ile: minoritets|ladnings|bærer|diffusjons|koeffisient|målings|apparatur. Ni kifaa cha kupimia, apparatur. Mengine yote yanaeleza kinapima nini. Mkazo mkuu? Minoritet peke yake ni mi-no-ri-TET, basi uko kwenye silabi ya nne.

Nifanye mazoezi gani?

Chukua maneno kumi kutoka maisha yako: kazini, hospitali, shule ya watoto. Kwa kila moja tamka sehemu ya kwanza peke yake na utafute silabi yake yenye nguvu. Gonga meza mara moja kwenye silabi hiyo unapotamka neno zima. Ukijikuta umegonga mara mbili, umetamka maneno mawili. Kisha ongeza kiambishi tamati, wingi, na wingi wenye kiambishi, na pigo libaki palepale: SKO-le|bok, SKO-le|bo-ka, SKO-le|bø-ker, SKO-le|bø-ke-ne. Jirekodi kwa simu, ulinganishe na mtangazaji wa redio akisema neno hilo ndani ya sentensi. Neno lililotamkwa peke yake kwa utaratibu hudanganya, kwa sababu watu hulikata silabi silabi.

Kwa wanaojiandaa kwa sehemu ya mazungumzo ya Norskprøven, mtihani wa Kinorwei kwa wageni, hili lina faida kuliko kukariri msamiati mpya katika wiki za mwisho.

Kamusi gani inaonyesha mkazo?

Bokmålsordboka na Nynorskordboka, zinazopatikana bure kwenye ordbøkene.no, ni nzuri kwa tahajia, jinsia na wingi, lakini matamshi huyataja kwa uchache. Kwa matamshi tumia NAOB, kamusi ya Det Norske Akademi, ambayo pia iko mtandaoni. Ambatani usiyoiona kwenye kamusi si lazima iwe kosa, maana Kinorwei huunda mpya kila siku. Tafuta sehemu ya kwanza peke yake, usome mkazo wake hapo, na uupeleke kwenye neno zima.

Nynorsk inatofautiana?

Kwa mkazo, hapana. Baadhi ya maneno na herufi unganishi hubadilika, kwa mfano sjukehus badala ya sykehus, lakini mshono hutafutwa kwa njia ile ile na mkazo uko SJU.